Kwa Baba, Aliyekutwa Juu ya Dungu

Baba yangu,

Nakuandikia nikiwa nimekalia kiti chako. Najua ulikataza. Najua pia ulisema kwamba siku nitakayokikalia mimi, miguu yake itatawanyika kila mmoja na njia yake. Hukukosea sana, kimeanza kulia. Lakini habari nilizo nazo ni za kuandikwa mtu akiwa ameketi, na kiti kingine hapa nilipo hakuna. Nilipo ni wapi, nitakuambia tukifika huko. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba anayeanza hadithi kwa mwisho anataka kula kabla ya kunawa.

Kwanza salamu za Garsen. Mvua za El Nino zimekuja, zimekaa, zimetukalia, na sasa zimeondoka zikatuachia matope na mbu. Barabara ilikatika, mabasi ya Lamu yakaacha kupita, na hoteli yangu pale njia panda ikabaki na mteja mmoja mwaminifu, ambaye ni mimi. Nilipika kambale, nikajiuzia, nikala. Mkweo, Mama Neema, anasema mimi ndiye mteja pekee aliyenenepa kwa janga.

Unakumbuka ulivyokuwa ukikaa na kiti hiki? Watu wote wa Garsen, saa za alasiri, wanakimbilia kivulini. Wewe unabeba kiti, unakipeleka nyuma ya karakana yako ya useremala, unageuza uso magharibi, unapigwa na jua hadi jasho linakutoka masikioni. Mimi, mtoto wa shule, nilikuwa nikiona aibu mbele ya wenzangu.

"Baba, mbona unakaa juani?"

"Nangoja lizame mtoni."

"Mto hauko upande huo."

"Ndiyo maana nangoja sana."

Ukacheka peke yako. Ulikuwa na kipaji hicho cha kucheka kabla ya wenzako kuelewa.

Kisha ungenisimulia yale machache uliyoyabeba kutoka kabla ya misheni. Ulikuwa mdogo sana. Maji yalijaa shamba la mpunga. Mama yako alikupandisha juu ya dungu, lile jukwaa la miti ambalo watu hukaa kufukuza ndege wasile mpunga, akakufunga kwa leso yake usianguke, akaondoka akisema anarudi. Ikaja mashua yenye kelele, na mtu wa kofia akakubeba. Basi. Baada ya hapo ni nyumba ya watoto ya misheni, uji, na jina la Petro. Ila kulikuwa na kitu kimoja cha nyuma zaidi, cha kabla ya mafuriko. Uko mtoni unaoga, ni jioni, jua linazama ndani ya maji na linakuumiza macho, na mama yako anakuita kutoka ukingoni utoke.

"Anakuitaje?" niliuliza, kila mara.

"Sauti naikumbuka. Jina silikumbuki."

Hapo tu ndipo ulipokuwa huchekeshi, Baba. Ulisimama, ukapiga kiti vumbi, ukaingia ndani.

Wenzako wa misheni walikuita Gogo, kwa kuwa uliletwa na mafuriko, nawe ulilichukua jina hilo kama cheo. "Mimi ni gogo," ungewaambia wateja, "nimekwama Garsen nikaota majani. Hili hapa tawi langu," ukinionyesha mimi, "limezidi mti." Nilipokuambia twende misheni tukatafute vitabu vya zamani, ulikataa. Ulisema ukishajua ndugu zako utaanza kuitwa kwenye matanga ya watu usiowajua. Nikakubali. Mimi nawe tulikuwa wavivu sawasawa, tofauti ni kwamba wewe ulikuwa mwembamba.

Sasa sikiliza kilichonitoa kitini. Mjukuu wako Neema amepata mchumba. Ni Yohana, mwalimu kule Wema, kijana mpole, ana tabia moja mbaya tu, ya kusahihisha watu wakihesabu. Wanapendana hadi inachosha kuwatazama. Wazee wake wakaja nyumbani, wakala, wakashiba, ndipo ami yake, Mzee Buya, akafuta mdomo na kuuliza lile swali.

"Mkwe, ninyi ni ukoo gani?"

Unajua mwenyewe kwetu swali hilo halina mchezo. Mtu haoi ndani ya ukoo wake, hata wapendane vipi. Mimi niliyeoa Mgiriama nilipita bila kuulizwa, maana kwao haikuwezekana tukawa ukoo mmoja. Nikajikuna kidevu.

"Sisi ni ukoo wa misheni," nikasema.

"Misheni si ukoo. Misheni ni jengo."

"Basi tuseme tu watu wa Garsen."

"Garsen ni stendi," akasema Mzee Buya. "Bwana, mimi nakupenda, na kambale wako nimempenda zaidi. Lakini nikimwoza kijana wangu dada yake, nitasema nini kwa watu? Tafuta. Ukipata ukoo ambao si wetu, harusi ipo. Usipopata, hakuna."

Neema hakulia mbele yao. Alikusanya sahani taratibu mno, moja moja, na hapo ndipo nilipoona kwamba lazima niende.

Kesho yake asubuhi nilimweleza Halima, yule mama wa Kiorma anayetuletea maziwa. Aliweka kibuyu chini akanitazama kama ndama mgonjwa. "Mimi ng'ombe yangu yote najua bibi yake," akasema. "Ile nyekundu, bibi yake ilikuja kutoka Madogo. Wewe mtu mzima, tumbo kubwa hivi, babu yako hujui?" Nikamlipa maziwa upesi aende zake.

Nyumba ya watoto ilishafungwa, unajua. Vitabu vyake viko kwa mchungaji, na maji ya mafuriko yaliingia hadi kwenye kabati. Nilipofika, mke wa mchungaji alikuwa amevianika uani juu ya mkeka, na kwenye mkeka wa pili kaanika mpunga.

"Tafuta unachotaka," akaniambia, akanipa fimbo, "lakini kuku wakija, fukuza. Mkeka wowote."

Basi mwanao alitafuta asili yake huku akipigana na kuku. Kurasa zilikuwa zimeshikana kama chapati za jana. Watoto wa ndui wapo, watoto wa njaa wapo, watoto walioachwa mlangoni wapo, kila mmoja kapewa mistari miwili au mitatu. Nilisoma wengi hadi nikasahau kuku. Kisha nikakuona. Petro. Mvulana, kama miaka minne. Amekutwa juu ya dungu wakati wa mafuriko, kijiji cha kwanza chini ya gati la misheni, ukingo wa mashariki. Na mwishoni, kwa mwandiko wa mtu mwingine ambaye bila shaka alikuwa mpishi: anakula sana.

Nilicheka hadi mke wa mchungaji akatoka kutazama. Jina la kijiji hawakuandika. Watu wale wa mashua walijua gati na kingo mbili za mto tu. Wala jina ulilokuja nalo hawakuandika, na pengine wewe mwenyewe hukulitaja kwa kulia. Lakini gati la misheni lipo hadi leo, na kijiji cha kwanza chini yake, ukingo wa mashariki, kila mtu anakijua. Ni Mikomani. Nikaona kazi imekwisha. Nikamnunulia mke wa mchungaji sukari, maana mpunga ulikuwa umepungua kidogo upande wa kuku.

Kwenda Mikomani ni kwa mtumbwi. Naomba hapo tusikae sana. Ulijitahidi kunifundisha kuogelea, Baba, ulinitupa mtoni mara nyingi kwa nia njema, na kila mara nilizama kama patasi. Mwenye mtumbwi alinitazama, akautazama mtumbwi, akaniketisha katikati kabisa, na akaniomba nisipige hata chafya.

Laiti ungeona nilivyopokewa! Nilisema tu kwamba natafuta watu waliopoteza mtoto kwenye mafuriko ya zamani, Mzee Jillo akaruka kutoka kitandani kwake akanikumbatia. Ami yake alichukuliwa na maji akiwa mtoto. Kwa kweli yule alianguka kutoka kwenye mtumbwi, dungu halikutajwa, lakini Mzee Jillo alisema mambo ya kale huwa yanachanganyika, nami, kwa jinsi nilivyotaka, nikasema naam, huwa yanachanganyika sana. Wakachinja mbuzi. Wakanionyesha kaburi la babu. Nikalia juu yake kwa uchungu wa kweli, nikaweka na ua. Watoto wakaniita babu, vijana wakaniita baba, na mke wa Mzee Jillo, Bi Rebeka, ambaye ni mcheshi kupita kiasi, akaniita "mtoto mchanga wetu" kila aliponiongezea wali.

Kati ya nyama na wali nikauliza ukoo. Mzee Jillo akautaja kwa kifua mbele.

Ulikuwa ukoo wa Mzee Buya.

Jina lake silitaji hapa kwa kuwa barua hii wataisoma wengi, na nikitaja mmoja nisitaje mwingine nitapigwa. Lakini nakuambia, mfupa ulibaki mkononi mwangu. Nimepata baba, babu, kaburi na mbuzi, na nimempotezea mwanangu mume, kwa mlo mmoja.

Jioni nilijitenga nikaenda kukaa ukingoni. Jua lilikuwa likishuka ng'ambo, kubwa, jekundu, likaingia ndani ya maji mbele ya macho yangu kama ulivyokuwa ukisimulia. Nikajua basi, hakuna tena shaka. Nikaanza kulia, sijui kwa furaha yako au kwa huzuni ya Neema. Bi Rebeka akaja na ndoo zake.

"Mtoto mchanga unalilia nini? Hukushiba?"

"Baba aliniambia jua lilikuwa likizama mtoni," nikasema. "Kumbe ni hapa. Ni hapa hapa."

Akanitazama. Akatua ndoo.

"Alikuwa mtoto wakati gani, baba yako?"

"Zamani. Kabla ya vita vya Wajerumani vya mara ya pili."

"Basi hapa alikuwa akiona jua likitoka mtoni, si likizama," akasema. "Mto huu ni mgeni hapa, bwana. Mimi nimeolewa kabla yake! Nilipokuja mwali, mto ulikuwa kule nyuma ya nyumba, upande wa mapambazuko. Yale mafuriko ya karibu na Uhuru ndiyo yaliyousukuma ukahamia huku mbele. Sisi tulilala magharibi ya mto, tukaamka mashariki, wala hatukuhama hata chungu."

Nilisimama kwa kasi hadi nikaikanyaga ndoo. Ukiitazama safari yangu nzima, Baba, nilikuwa nimeuchukulia mto kama barabara ya lami, kitu cha serikali kisichosogea. Wakati mashua ile ilipokuchukua, Mikomani ilikuwa ukingo wa magharibi. Kijiji cha ukingo wa mashariki kilikuwa kingine.

Mzee Jillo alipoambiwa alikasirika kweli. "Wewe mwanamke, unatunyang'anya mtoto!"

"Mtoto gani, ana mvi," akasema Bi Rebeka. "Mpeleke Vukoni."

Vukoni ni kijiji ambacho kwa miaka mingi hakikuwa tena na cha kuvuka. Mto ulipohama kiliachwa kando ya bonde kavu ambalo watu wanaliita Mto Mzee, wakalilima mpunga. Ila mwaka huu El Nino imeujaza Mto Mzee pomoni, kwa hiyo niliingizwa tena kwenye mtumbwi, safari hii na Mzee Jillo akiwa amenuna mbele na Bi Rebeka akicheka nyuma. Yeye alikataa kubaki. Alisema ameshaanza hadithi hii na hawezi kuikosa.

Huko walituelekeza kwa mama mmoja aitwaye Rehema, ana miaka sabini na ushei, alikuwa akipepeta mchele. Mara hii nilijifunza adabu. Sikusema dungu, sikusema leso, sikusema jua. Nilisalimia, nikauliza kama nyumba hii iliwahi kupoteza mtoto kwenye mafuriko. Akaendelea kupepeta.

"Ndiyo, kaka yangu. Mimi nilikuwa sijazaliwa."

"Alichukuliwa na maji?"

"Alichukuliwa na mtu mwenye kisu," akasema.

Bi Rebeka akaacha kucheka.

Akatusimulia. Mama yake alimfunga mtoto juu ya dungu kwa leso, akaogelea kurudi kumtoa bibi yao nyumbani. Aliporudi, dungu lipo, mtoto hayupo, na leso inaning'inia. Haikuraruka, wala fundo halikufunguka. Imekatwa sawasawa. Kwa hiyo mama yako alijua, Baba. Watu walitaka kufanya matanga, akawafukuza. Alisema maji hayana kisu. Akatoka kukutafuta, na alitafuta chini. Kijiji kwa kijiji kuelekea baharini, Kilelengwani, hadi Kipini mto unapokwisha, akiwauliza wavuvi. Mwaka uliofuata akaenda tena. Kila mto ulipojaa akaenda tena. Nani angefikiri kutafuta juu? Kila kitu kinachochukuliwa na Tana kinakwenda chini, na kwenye mkondo ule hakuna mpiga kafi ambaye angeweza kupanda. Hakujua kwamba mashua yenyewe ilikuwa na injini.

Ulikuwa juu yake tu. Safari ya asubuhi moja. Ukila uji.

Nikamwuliza, "Leso ipo?"

"Leso!" akasema shangazi, maana ni shangazi yangu, Baba, una dada, ana pua yako na anakatiza watu kama wewe. "Ilikuwa nepi yangu, ikawa kitambaa cha kushikia sufuria. Sisi tulikuwa maskini, mwanangu, si makumbusho."

Kisha nikamwambia yote. Nilipofika pale pa kitabu kusema unakula sana, akaweka ungo chini, akajifunika uso na kucheka na kulia kwa pamoja. Na Mzee Jillo, aliyekuja kununa, alikuwa akipenga kamasi kuliko sote.

Ukoo ni mwingine. Siyo wa Mzee Buya. Nilimpelekea habari kabla sijabadilisha suruali ya matope, na akasema, "Sasa wewe ni mtu. Bado una tumbo, lakini ni mtu." Harusi imefanyika Jumamosi iliyopita hapo kanisani, karibu na ulipolala, nadhani ulisikia kelele. Mzee Jillo na wa Mikomani walikuja wote. Nilijaribu kuwaeleza kwamba si ndugu. Wakasema nimelia juu ya kaburi lao na kula mbuzi wao, kama nataka kuvunja udugu nimtapike mbuzi. Sherehe nzima walishindwa kuamua wakae upande gani, maana kwa ukoo ni wa bwana harusi na kwa mbuzi ni wetu. Wakakaa katikati, karibu na chakula. Halima alileta maziwa, akaniuliza mbele za watu, "Babu umepata?" Nikasema nimepata. "Na bibi?" Nikasema naye nimempata. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeona ng'ombe wake wamerudi wote.

Jina nimelibakiza kwa makusudi. Unaitwa Maro.

Mama yako hakuruhusu lipotee. Mvulana wa kwanza aliyezaliwa nyumbani baada yako aliitwa Maro, akushikie nafasi hadi urudi, na alipokua akamwita mwanawe Maro, naye wa kwake Maro. Vukoni sasa wamejaa. Ukiliita jina hilo shambani, wanageuka watu wazima watatu.

Sasa naweza kukuambia nilipo. Nimekileta kiti chako Vukoni, kwa basi, kwa mkokoteni na kwa mtumbwi. Kilikaa vizuri mtumbwini kuliko mimi. Nimekiweka ukingoni mwa Mto Mzee, uso magharibi, jua linanipiga na jasho linanitoka masikioni. Wanasema maji haya yatakauka kabla ya mwaka kwisha na mpunga utarudi. Kwa hiyo nimekuja upesi.

Limezama, Baba. Sasa hivi, nikiwa kwenye mstari uliopita. Limeingia majini hapa hapa, mbele ya miguu yangu, na sikuweza kuandika kwa mwanga wake. Akina Maro walikuwa wakioga na kurushiana maji kama watoto. Shangazi akatoka nyumbani, akasimama nyuma ya kiti, akaita kwa sauti aliyorithi.

"Maro! Toka majini, jioni imeingia!"

Wakaitika wote watatu. Na mimi, ambaye sijawahi kuitwa hivyo maishani, nikaitika.

Pumzika, umeshaitwa. Kiti nitakiacha hapa.

Mimi,
tawi lako lililozidi mti